Brashi Mdomoni

Mara ya kwanza nilimwona Swarna Chitrakar bila sauti. Mtoto alikuwa amenilalia mapajani, simu nimeitia kimya, na video yake ikajileta yenyewe baada ya ile ya mtu anayekaanga maandazi. Ni video ya 2020, mwaka wa korona, lakini mitandao haina habari na tarehe. Kitu kikipendwa kitazunguka mpaka kikufikie.

Mwanamke mwenye sari ameketi. Mkononi ana gombo la karatasi lenye picha, moja chini ya nyingine. Analikunjua kidogo kidogo kutoka juu, kidole kinapita juu ya picha, halafu anaivuta inayofuata. Zimwi. Madaktari. Watu waliofunika pua. Na muda wote midomo yake inacheza.

Picha nzuri, nikasema moyoni, nikaendelea na mengine.

Usiku nikairudia, safari hii na sauti. Yule mama hakuwa anaeleza picha zake. Alikuwa anaimba, wimbo mrefu wa kurudiarudia lahani moja, sauti kavu isiyombembeleza mtu, na kidole ndicho kilichokuwa kinaufuata wimbo. Beti ikiisha, gombo linasogea. Nilichokuwa nimekitazama mchana kilikuwa nusu ya kitu.

Wiki kadhaa jambo hili halikuniacha. Nikaanza kusoma habari zake, za kijiji chake na za mafundi waliomtangulia, na kila nilipoona nimetosheka likazuka swali lile lile. Huyu ni mchoraji anayeimba, au mwimbaji anayechora? Na wanaonunua kazi yake, kwa nini wote wanaondoka na nusu?

Kijiji cha jina moja

Naya kiko Pingla, wilaya ya Paschim Medinipur, jimbo la West Bengal nchini India. Kutoka Kolkata ni safari ya saa chache za barabara. Kina wachoraji zaidi ya 200, na karibu wote wanaitwa Chitrakar, kwa hiyo ukifika ukamuulizia Chitrakar utakuwa umekiulizia kijiji kizima. Wenyewe ni patua. Gombo lao ni pat, na nyimbo zake ni pater gan. Swarna amezaliwa ndani ya kazi hiyo.

Ningependa tukae kidogo kwenye rangi, kwa sababu ndipo nilipoanza kuelewa kitu.

Rangi hutengenezwa nyumbani. Masizi ya taa hutoa weusi. Manjano ya jikoni hutoa njano. Majani ya mmea wa jamii ya maharage hutwangwa na kukamuliwa, yakatoa kijani. Kuna mmea unaotambaa uani wenye maua ya buluu iliyokolea, nao hutoa buluu. Wekundu unatoka kwenye mbegu za mzingefuri, weupe kwenye udongo. Kila rangi huchanganywa na gundi ya tunda la bel, tunda lenye gamba gumu kama la mbuyu na utomvu unaonata ndani, halafu huachwa ikauke juani kwenye kifuu cha nazi. Siku ya kazi unadondoshea maji kidogo kwenye kifuu na rangi inarudi.

Picha zikishakauka, karatasi huunganishwa na kubandikwa kitambaa mgongoni. Kitambaa chenyewe ni sari kuukuu.

Nilipofika kwenye hiyo sari nikasimama. Picha ya kutundikwa ukutani haihitaji kitambaa mgongoni. Gombo linakihitaji kwa sababu litakunjwa na kukunjuliwa kila siku, miaka na miaka, kwenye nyua za watu, kwenye vumbi na unyevu, na karatasi tupu ingechanika kabla msimu haujaisha. Aliyebuni njia hii hakuwa anatengeneza kitu cha kuuza. Alikuwa anatengeneza kitu cha kufanyia kazi.

Laana

Patua wa Naya ni Waislamu. Wanaoa kwa nikaha na wanazikana Kiislamu. Magombo yao yamejaa miungu ya Kihindu: Durga, na Manasa mungu wa kike wa nyoka, na Behula anayeelea mtoni na maiti ya mumewe akidai arudishiwe uhai wake. Pia wanao Gazi Pir, walii anayepanda simba marara, na Satya Pir, ambaye Wahindu na Waislamu wa Bengali wote wamewahi kumwekea nadhiri. Wengi wana majina mawili, moja la Kiislamu na moja ambalo mwenye nyumba wa Kihindu atalipokea bila kukunja uso.

Msomaji wa pwani sidhani kama atashangaa sana. Sote tunamjua mzee anayeswali tano na bado anajua mzimu upi unakaa chini ya mti upi.

Wao wenyewe wana hadithi ya jinsi walivyofika hapo. Patua mmoja wa zamani alimchora Mahadeva, yaani mungu Shiva, bila ruhusa. Akiwa bado kazini akamwona Mahadeva mwenyewe anakuja. Kwa hofu akataka kuificha brashi, na mahali palipokuwa karibu ni mdomo wake. Akaitia mdomoni.

Mungu yule hakukasirishwa na picha. Alikasirishwa na mate. Brashi imenajisika! Akamlaani yeye na kizazi chake: mtashika desturi za Waislamu na mtafanya kazi ya Wahindu, hamtakuwa huku wala kule.

Wasomi wameitumia hadithi hii kueleza tabaka, na jinsi watu waliosukumwa pembeni na pande mbili wanavyojitungia sababu. Sina ugomvi nao. Ila mimi ninaposoma hiyo laana naona kama mtu ameeleza kazi yenyewe. Brashi iko mdomoni. Hapo ndipo patua anapoiweka, kabla na baada ya Mahadeva kukasirika.

Mchele

Zamani kazi ilikwenda hivi. Patua, mwanamume, alitia magombo yake kwenye mfuko akatoka kwenda vijiji vya mbali, hasa baada ya mavuno, watu wakiwa na chochote ghalani. Akifika uani anaketi, watoto wanakusanyika, akina mama wanasogea na kazi zao mikononi, naye anaimba na kukunjua. Hadithi ikiisha anapewa mchele, dengu, nguo kuukuu, sarafu mbili tatu. Analikunja gombo, analirudisha mfukoni, anakwenda nyumba ya pili.

Gombo halikuuzwa. Nani atauza jembe lake shambani?

Nisisahau wenzao wanaozunguka kwa kabila la Wasantali, upande wa magharibi zaidi. Hawa hufika kwenye nyumba yenye msiba na picha ndogo ya marehemu. Macho yamechorwa, mboni hazipo. Wanawaambia wafiwa: ndugu yenu anatangatanga huko aliko, haoni njia. Toeni chochote nimtie mboni. Wakitoa, brashi inagusa mara mbili, na maiti anaona. Nimesoma watu wakiwaita matapeli. Labda. Lakini hata hapo angalia kilicholipiwa. Haikuwa picha kama picha. Kililipiwa kile kinachotendwa mbele yako.

Basi kwa karne kadhaa bidhaa ya patua ilikuwa wimbo, na gombo lilikuwa chombo chake cha kazi.

Leo mambo yamepinduka. Anayefika Naya, au anayemkuta patua kwenye maonyesho Kolkata na Delhi, analipia gombo. Wimbo anaimbiwa bure, ili avutiwe anunue. Kilichokuwa kazi sasa ni kionjo.

Nilipoliona hili nilikuwa tayari kuandika makala ya kusikitika. Nimeshaisoma mara nyingi, ile ya utalii umeharibu utamaduni, na ningeweza kuiandika nikiwa nasinzia.

Ndipo nikafika kwa wanawake.

Aliyekubali kufundisha

Katika mpango ule wa zamani Swarna asingekuwapo. Mwanamke wa patua hakuzunguka vijijini kuimba. Alibaki nyumbani, alitengeneza rangi, alisaidia kujaza picha alizozianza mume au baba, alifinyanga vikaragosi vya udongo vya kuuza sokoni. Nyimbo alizisikia tangu utotoni mpaka akazijua zote, lakini kuzijua na kuruhusiwa kuziimbia mbele za watu ni mambo mawili.

Wanaume nao walikuwa wanaiacha kazi. Sinema, redio, kisha televisheni, zikaingia kwenye zile nyua ambako patua aliketi, na mwenye televisheni hatoi mchele kwa gombo. Wengi wakageukia vibarua.

Hapo anatokea Dukhushyam Chitrakar, ambaye pale Naya kila mtu anamtaja kwanza ukiuliza nani aliyezijua nyimbo. Alikubali kuwafundisha wanawake. Aliwafundisha kuchora gombo zima wao wenyewe, na kuliimba. Swarna ni wa kizazi hicho. Moyna Chitrakar pia, ambaye michoro yake ndiyo iliyobeba kitabu cha picha cha Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu wa Rama na mkewe Sita, kinachosimuliwa na Sita mwenyewe, kilichotoka 2011. Leo ukitaja majina ya Naya yanayojulikana nje ya India, mengi ni ya akina mama.

Na iliwezekana kwa nini? Kwa sababu gombo lilikuwa limeanza kuuzwa. Kazi inayouzika kwenye maonyesho, au kwa mnunuzi anayekuja hadi mlangoni, haikumtaka mwanamke alale njiani kwenye vijiji vya watu. Soko lile lile lililoushusha wimbo ndilo lililompa Swarna nafasi ya kuuimba.

Makala yangu ya kusikitika ikafa hapo.

Maana ukirudi nyuma na kuuangalia ule mchele kwa macho makavu, ulikuwa karibu na sadaka. Patua alihesabiwa kati ya ombaomba na fundi, alikaribishwa uani na si zaidi ya uani. Mimi niliyekaa na simu yangu Dar es Salaam ni nani nimtamanie mtu mwingine kazi ya kubisha hodi kwa ajili ya kibaba? Kama binti wa Naya anauza gombo moja kwa fedha ambayo babu yake asingeipata kwa msimu mzima wa kutembea, heko kwake.

Ila swali bado lilikuwa pale pale. Nikaliacha. Likanifuata tena kwa njia ya Kalighat.

Waliowahi kuuacha wimbo

Kumbe hii si mara ya kwanza.

Katika karne ya 19 patua wengi walihamia Kolkata, wakakaa kandokando ya hekalu la mungu wa kike Kali, sehemu inayoitwa Kalighat. Mahujaji walikuwa wengi na wote walikuwa na haraka. Walitaka kitu cha kubeba nyumbani, kidogo na cha bei ya chini. Gombo la kukaa na kulisikiliza halikuwa na mteja pale. Patua wakalikatakata. Ikawa karatasi moja, picha moja, rangi za maji zilizopakwa kwa mikono yenye kasi ya ajabu: Kali na ulimi wake nje, paka aliyekamata kamba mdomoni, bwana mwenye pesa anayepigwa na mkewe. Ni kazi nzuri mno. Jumba la Victoria and Albert la London linazo mamia. Jamini Roy, mchoraji mkubwa wa Bengali aliyefariki 1972, alijifunza humo namna ya kuchora mstari mmoja unaojitosheleza.

Lakini karatasi ya Kalighat haiimbwi. Wimbo uliachwa njiani, na kwa miongo kadhaa hakuna aliyeuhitaji.

Halafu zikaja mashine. Picha za miungu zilizopigwa chapa, nyingine kutoka Bombay, nyingine kutoka Ujerumani, zinang'aa, zina rangi zaidi, na ni rahisi kuliko za mkono. Hujaji hakuwa na sababu ya kumfikiria fundi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kalighat ilikuwa inakata roho, na haikuchukua muda ikaisha.

Niliposoma hapo nilitua simu.

Maana huku vijijini, wale patua maskini waliobaki na magombo yao na mfuko wao wa mchele, mashine haikuwagusa kwa namna ile. Kiwanda kinaweza kupiga chapa Manasa elfu kwa siku. Hakiwezi kuja uani kwako kuketi na kuimba. Walikuja kusumbuliwa baadaye na redio na televisheni, ndiyo, kwa sababu hizo zina sauti. Lakini picha iliyokuwa na wimbo wake ilidumu kuliko picha iliyouacha, na hii ndiyo hoja yangu, nimeifikia mwenyewe na simlazimishi mtu.

Sasa rudi Naya ya leo. Wageni wanapenda vitu vidogo, kwa hiyo patua wanachora samaki, paka na bundi kwenye fulana, miavuli, birika za chai, mabegi. Vinauzika. Vinalipa ada za shule. Havina wimbo hata kimoja, kwa sababu hakuna wimbo wa birika. Tangu 2018 Bengal Patachitra ina ulinzi wa kisheria nchini India kama bidhaa ya mahali pake, na nimefurahi, ingawa ulinzi huo unaandikwa kwa kitu kinachoshikika mkononi.

Fulana yenye bundi inaweza kupigwa chapa kwenye kiwanda chochote duniani wiki ijayo.

Nani anachagua wimbo

Kuna jambo lingine lililonisumbua, na hili sijalimaliza.

Nyimbo nyingi mpya za Naya zinatokana na kampeni. Mashirika na ofisi za serikali huwalipa patua watunge kuhusu virusi vya UKIMWI, kuhusu wasichana wanaosafirishwa na kuuzwa, kuhusu mahari inayowaua mabibi harusi, kuhusu kupanda miti. Swarna ameimba mengi ya hayo. Sisi tuliokariri ngonjera za malaria mbele ya mgeni rasmi tunalijua hilo jasho. Unaimba, mgeni anapiga makofi, na ndani yako hujui kama ni wewe uliyesema.

Je, huyu mama anaimba lake, au la aliyemlipa?

Nilielemea upande wa pili kwa muda. Kilichonirudisha ni kuangalia patua walitunga nini bila kutumwa na mtu. Meli ya Titanic ilipokuwa gumzo duniani, Naya wakaitungia gombo, na wimbo wake kwa Kibengali. Majengo ya New York yalipoangushwa Septemba 2001, nayo yakaingia kwenye gombo, ndege na moto na nyuso za watu madirishani. Hawa si watu waliosubiri mada kutoka ofisini. Wana tumbo la kumeza habari. Likitokea jambo huko mbali, wanaligeuza sura kama walivyozoea kuwageuza Durga na Manasa, na linakuwa lao.

Kisha kuna gombo la tsunami.

Tarehe 26 Desemba 2004 bahari iliinuka huko Sumatra. Hapa kwetu wapo wanaokumbuka siku ile. Wimbi lilivuka bahari nzima ya Hindi, likaua mamia Somalia, likafika mpaka fukwe za Tanzania na kuua watu waliokuwa wanaogelea sikukuu. Naya hakiko pwani. Lakini watu wa Ghuba ya Bengali waliisikia habari hiyo kama habari ya jirani, na patua wakaanza kuchora. Katika magombo hayo maji yana sura. Bahari ni uso mkubwa wenye macho na meno, na ndani ya mikunjo ya mawimbi wamepangwa watu, ng'ombe, nyumba, wote pamoja, wakubwa na wadogo, hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Nimeliangalia gombo hilo kwa muda mrefu zaidi ya mengine yote. Nimekulia karibu na maji yale yale. Sijawahi kuona mtu akiyachora hivyo, bila tangazo, bila mshale wa kuonyesha kina na kasi. Na ndipo lile zimwi la korona la Swarna likanikaa sawa. Swarna alikuwa na sura tayari. Alichofanya 2020 ni kumpa mgeni mpya kiti ambacho wageni wengine walishakikalia.

Hata kama kampeni ya UKIMWI ililipwa na shirika, zimwi ni la Naya. Nimeridhika kwa kiasi hicho, si zaidi.

Jina lake na kijiji chake

Patua akikaribia mwisho wa wimbo, baada ya Behula kumpata mumewe au baada ya Yama, mungu wa mauti, kuwahukumu wakosaji, anaingiza mstari wa kujitaja. Jina lake, kijiji chake, kituo cha polisi cha eneo lake, wilaya yake. Unaimbwa kwa lahani ile ile ya hadithi, bila kubadili sauti, kana kwamba Pingla ni mji mwingine tu katika safari ya miungu.

Watunzi wengi wa tenzi zetu walifanya vivyo hivyo kwenye beti za mwisho. Anamshukuru Mola, anamswalia Mtume, anasema ni fulani bin fulani wa mahali fulani aliyetunga, na anaomba msamaha kwa makosa. Sahihi yao ilikuwa ndani ya mizani. Ukitaka kuifuta lazima uvunje ubeti.

Kwa patua hasara iko hapo. Sahihi ilikuwa kwenye wimbo. Magombo ya zamani yaliyokusanywa na kupelekwa majumba ya makumbusho mengi hayana jina la mtu, na kibandiko kinasema "msanii hajulikani". Mwenyewe alijitaja kila siku ya maisha yake, uani baada ya uani. Ila aliyelinunua gombo hakuinunua ile sehemu iliyokuwa na jina.

Siyo kwamba hakuna aliyeliona hili. Gurusaday Dutt, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa Mbengali, alizunguka wilaya ya Birbhum miaka ya 1930 akikusanya magombo, na tofauti na wakusanyaji wengi alikaa chini akaandika na maneno ya nyimbo. Yalitoka kitabuni 1939. Magombo yenyewe yako kwenye jumba lenye jina lake pale Joka, Kolkata. Mtu mmoja, na kalamu, miaka mingi kabla hatujawa na simu za kurekodi.

Siku hizi Swarna na wenzake husaini kwa maandishi chini ya gombo. Imebidi.

Bei mbili

Tangu 2010 Naya kina tamasha lake la kila mwaka, POT Maya, Novemba, siku tatu. Kuta za nyumba zinachorwa, wageni wanalala vijijini, magombo yanaanikwa kila upande. Swarna amekwishaalikwa nje ya India pia. Anaketi mbele ya watu wasiojua neno la Kibengali, anakunjua, anaimba, na wanakaa kimya mpaka mwisho. Kwa hiyo usiniambie wimbo hauna wateja. Wimbo hauna bei, hilo ndilo tatizo lake.

Na vijana wameshaelewa. Wapo pale Naya wanaochora vizuri kuliko baba zao na hawana haja ya kujifunza beti za Manasa. Sitawalaumu. Ukichora siku tatu unapata kitu cha kuuza, ukikariri wimbo siku tatu unapata makofi.

Mwaka 2020 ulinionyesha upande mwingine. Barabara zimefungwa, maonyesho yamefutwa, hakuna mgeni Naya, gombo haliuziki. Kilichotoka kijijini kipindi hicho ni sauti. Wimbo wa korona wa Swarna ulipita simu kwa simu, nyumba kwa nyumba, nchi kwa nchi, umbali ambao hakuna patua aliyewahi kuutembea na mfuko. Nyumba zote hizo zilisikiliza mpaka mwisho. Na mchele? Nyumba yangu ni mojawapo, na sikutoa hata punje.

Ningependa aanze mtu mwenye fedha, jumba la makumbusho la Ulaya au mkusanyaji wa Delhi. Akinunua gombo alipe bei mbili, na karatasi ya malipo iandikwe hivyo hivyo: picha, kiasi fulani, wimbo ulioimbwa na kurekodiwa, kiasi fulani, na kibandiko cha ukutani kiwe na kitufe cha kusikilizia. Haiwagharimu kitu cha kuwafilisi. Nikishaona jumba moja limefanya hivyo nitajua kama wimbo wa Behula utafika 2050, kwa sababu vijana wa Naya hawajawahi kushindwa kupiga hesabu.